Jina Langu Kwenye Kioo cha Kompyuta

Marahaba, Neema mjukuu wangu, na hapana, huyu mume wangu mpya sikuanza kumpenda uzeeni. Hatujambo, karanga tumevuna, na kila asubuhi ananichemshia chai kabla sijaamka.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, hapa Kibaigwa, huyu huyu Yohana wangu aliunda kompyuta kwa vipuri chakavu, kwa kupenda tu. Polisi wakamkamata, wakidai anapeleka siri nje. Kituoni wakamwamuru aiwashe. Kioo kikajaa jina moja: Tabitha, Tabitha, Tabitha.

"Huyo ndiye unayempelekea siri?" afande akauliza.

"Hapana, afande. Ni binti wa jirani. Bado sijathubutu kumwambia."

Nikaitwa, nikaenda na balozi wetu wa nyumba kumi.

"Binti, mjibu mwenzio tufunge jalada," afande akasema.

Nikatabasamu hadi balozi akacheka. Yohana akaachiwa, kompyuta haikurudi. Baba hakutaka mkwe aliyelala rumande, basi kila mmoja akafunga ndoa kwingine, na miaka mingi baadaye sote wawili tukafiwa na wenzi wetu.

Siku ya harusi yetu aliniambia, "Mashine waliichukua, jina wakaniachia." Nikalia kwa furaha, Neema.

Mwezi huu hautaisha kabla hatujabisha hodi kwako, umwone mwenyewe.

Bibi yako, Tabitha