Wa Kwanza Kubatizwa Visiga

Visiga, Kibaha

Mwanangu Bertha,

Najua huko Kisarawe wanakuita Salama, ila mkono wangu umezoea jina nililokupa, usinikasirikie. Sisi wazima. Mahindi yamekubali mwaka huu, na kifua cha baba yako kimepungua. Mumeo Jabiri msalimie, na mama yake umpe shikamoo yangu.

Mwanangu, kanisa letu la Presbiteri linatimiza miaka thelathini. Mzee Melkiori anaandika historia yake, isomwe Jumapili ya mwisho wa mwezi. Alikuja kuniuliza mimi, maana ibada ya kwanza ilikuwa sebuleni kwetu, watu tisa, na wewe unalia mgongoni. Wa kwanza kubatizwa ni wewe, kwa maji ya bakuli la mboga.

Basi mzee mmoja wa kanisa akasema, "Huyu si amesilimu? Tuanze na mtoto wa pili." Mimi nikamuuliza, "Kwani siku ile mlikuwa mnamwogesha?" Mzee Melkiori akacheka, akaliandika jina lako.

Lakini tangu hapo sina raha. Naogopa mama mkwe wako akisikia atadhani tunakudai urudi. Hatukudai, mwanangu. Swali swala zako.

Siku hiyo kila atakayetajwa atasimama. Kama hutaki utajwe, niambie mapema, nitamwomba Mzee Melkiori alifute jina lako, wala sitakuuliza sababu. Ukinyamaza, nitasimama mimi mahali pako.

Akuwazaye kila kukicha,
Mama