Nyuzi za Bluu kwenye Tangi

Mjomba,

Shikamoo, na pole. Ile pikipiki uliyosema utaichukua Jumamosi nikishindwa kuitengeneza, huipati tena.

Mafundi wawili walisema injekta, ile inayopuliza mafuta kwenye injini, imekufa. Mimi, niliyeishia darasa la sita, nikafungua tangi. Kichujio cha pampu ya mafuta kilikuwa kimejaa nyuzi za bluu. Mfuniko ulipokupotea, wewe uliziba tangi kwa lile shati lako la bluu. Usibishe, ushahidi nimekutunzia.

Wiki iliyopita pikipiki ilituzimikia kilimani, Mama akamalizia njia ya hospitali kwa mguu wake mbovu, na hata hakunilaumu. Leo nimemfikisha mlangoni pa hospitali bila pikipiki kukohoa. Njiani alinigonga mgongoni: "Fundi, punguza mwendo."

Nikapunguza, ili watu watuone vizuri.

Mpwa wako,
Fundi. Ukikataa, muulize dada yako.