Bibi Bernadina na Kuni za Ngitili Yetu

Ni mwaka sasa, Bibi, tangu mchana ule wa masika uliposema unanyoosha mgongo kidogo, ukatuacha. Hatukuzoea kukuona umelala mchana. Mpaka leo hatujazoea.

Shikamoo. Ungeitikia, "Marahaba, mume wangu usiye na ng'ombe." Wajukuu wa kiume wote tulikuwa waume zako, na hukuona hata mmoja wa maana. Lakini hakuna aliyetoka kwako na njaa, hata aliyekuja kugombana.

Uliipenda ngitili, msitu wetu wa kijiji unaofungwa ili nyasi na miti vipumzike. Humo ulipata kuni, uyoga, mlenda, na ile dawa yako ya kikohozi, chungu kuliko kikohozi chenyewe. Ila mambo ya ngitili waliamua wanaume. Ninyi akina mama mliwapikia wajumbe.

Kisha wakaja wachimbaji kutoka Geita, wakitaka miti ya kuzuia mashimo yao yasititie. Kikao kikaelekea kukubali. Mwenyekiti, Mzee Bartholomeo, akaita, "Mama Donatus, ugali vipi, mbona kimya?"

Ukamjibu, "Utaivaje, shemeji, na kuni ndizo mnazouza?"

Mkaepua vyungu, mkaja kuketi kikaoni. Njaa ilipowabana, ndipo wakasikia: miti ikiisha, kuni mtazifuata wapi, na nani atazibeba. Hawakuuza. Ukapewa kiti kwenye kamati ya ngitili, nawe ukamvuta Asteria, mjane wa kutoka Runzewe anayetembea kwa mkongojo, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza neno. Walipoguna ukawaambia, "Anapita ngitilini polepole kuliko ninyi, kwa hiyo anaona mengi."

Ulipoondoka, wachimbaji walirudi. Wengine wakataka kiti chako akikalie Baba, kwa kuwa ni mwanao wa kwanza na ni mwanaume. Tuliogopa, Bibi. Baba mwenyewe akiulizwa anakwenda kuangalia ng'ombe ambao amewaangalia sasa hivi.

Wiki iliyopita akasimama kikaoni. "Mama hakukaa pale kwa niaba yangu," akasema. "Dada yangu yupo, na kuni anakata yeye. Mimi naota moto tu."

Watu wakacheka, Shangazi Dorah akaenda kuketi. Akakataa miti kuuzwa. Asteria akamuunga mkono, na akina mama wengine wakafuata. Ngitili ipo.

Tulirudi tukikimbizana njiani, watu wazima na akili zetu, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kukusimulia. Tukafika mlangoni kwako, tukasimama. Hakuna aliyepiga hodi.

Unakumbukwa na wanao Donatus na Dorah, mkweo Scolastika, wajukuu zako Sostenes, Vumilia na Edward, rafiki yako Asteria, na akina mama wote wa ngitili.

Wabeja, Bibi, asante sana. Hatujakusahau, wala hatutakusahau siku zote za maisha yetu.