Giza kwa Megabaiti Themanini

Jumatatu, 3 Machi
Msimu wa mwisho wa tamthilia yetu umeanza! Giza tupu tangu dakika ya kwanza — moshi umefunika mji, kila anayeuvuta anamsahau mtu mmoja. Faili lenyewe giga moja na nusu. Nimelibana hadi megabaiti themanini. Wenye bando la kuungaunga wataniombea dua. Laptop imekesha kwa saa tisa, nusura iungue.

Jumatano, 5 Machi
Matusi ya mashabiki! Eti giza lina madoadoa kama ukurutu. Mfasiri, mwenzangu anayeandika tafsiri ya chini ya skrini, kapiga simu: tukiachia nyingine ya hivi, wapinzani watatumeza. Nimepata dawa. Programu ilainishe giza kwanza, ndipo ibane. Nimeihamishia kazini hospitalini, kwenye kompyuta inayotunza picha za eksirei. Ina nguvu ajabu. Na fundi wake ni mimi, nani ataniuliza?

Ijumaa, 7 Machi
Dakika kumi na mbili tu! Inalainisha, inabana, inafuta faili kubwa, inarukia linalofuata. Yenyewe. Shangazi, aliyenilea, kanikuta nacheka peke yangu. Kauliza kama nimepata mchumba, kisha kikohozi kikamkatiza. Wiki ya sita hii. Nimembembeleza Jumatatu aje apigwe picha ya kifua. Mkaidi yule! Kakubali kwa sababu mimi nipo.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi kapigwa picha asubuhi. Daktari kaisoma mchana: mapafu safi, dawa ya kikohozi, nenda nyumbani. Nimemshukuru Mungu kwa sauti.
Ila Mama Miwani, anayepiga hizo picha, kanivuta pembeni. Asubuhi aliona kama kiwingu, juu kulia. Mchana hakioni. Kailaumu miwani yake, nikacheka naye. Sikupenda nilivyocheka.

Jumanne, 11 Machi
Programu sikuielekeza kwenye folda yangu tu. Niliiachia diski nzima.
Diski NZIMA! Tangu Jumatano inabana kila faili kubwa inaloligusa. Kwenye eksirei mapafu ni giza, na ugonjwa ni kidoa ndani ya giza. Nimehesabu: vifua mia mbili na kumi na vinne. Vyote laini. Picha za kwanza zimefutwa, nimezitafuta kila mahali. Programu nimeizima.
Mfasiri anasema nifute programu, ninyamaze, kompyuta huharibika. Tena mashabiki wanangoja sehemu ya pili. Nimemkatia simu.
Nimempigia Shangazi arudi.
"Daktari kasema niko safi, wewe umesomea wapi?" Kikohozi, kirefu. "Haya baba, kesho nitakuja, usilie."
Mama Miwani atampiga picha tena, hataniuliza kitu. Naweza kumpitisha mlango wa nyuma, yeye peke yake, na kazi yangu ikabaki. Nimeliwaza hilo kwa saa nzima. Naona aibu kuliandika. Wale mia mbili na kumi na watatu nao ni shangazi za watu.

Saa nane mchana. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa daktari mkuu. Naandika ili nisikimbie. Nikisema, nafukuzwa, pengine na pingu juu. Mlango haujafungika vizuri. Ndani kuna mzee, anakohoa. Daktari anamwambia picha yake nzuri kabisa, hana haja ya kurudi. Mzee anacheka, anashukuru, anamwita mwanangu. Kiti kinasogezwa. Anatoka, ananipita, ananisalimia. Naacha kuandika, namrudisha ndani —