Sapatu za Sufu

Wierzbno, Poland, 3 Septemba 2017

Mwanangu Jagna,

Barua hii ikukute mzima huko Bergen, Norwei. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, yaliyochoshwa na miaka thelathini na mmoja ya kiti kimoja. Kasri letu la makumbusho litafungwa kwa majira ya baridi tarehe 31 Oktoba, na siku hiyo nitastaafu. Chumba cha Vioo atakilinda mwingine. Tangu tulipogombana kwenye mazishi ya baba yako, miaka sita sasa, hujatia mguu hapa. Sidai maelezo. Naomba tu unione mara moja nikiwa bado kazini. Wageni wangali wanavaa sapatu za sufu juu ya viatu ili wasikwaruze sakafu ya mbao, zile ulizotelezea utotoni toka dirishani hadi mlangoni, baba yako akicheka: "Mwacheni, anatung'arishia mbao bure!"

Mama yako

Bergen, 20 Septemba 2017

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mvua ndiyo jirani yangu pekee. Likizo sina hakika nayo. Usiningojee.

Binti yako

Wierzbno, 2 Novemba 2017

Mwanangu,

U hali gani? Jana, Sikukuu ya Watakatifu Wote, niliwasha mishumaa miwili kaburini kwa baba yako, mmoja kwa niaba yako. Siku yangu ya mwisho walipita wageni mia nne na kumi na wawili. Niliwahesabu, ingawa ulisema nisikungojee. Nilimkemea mmoja tu, mwanamke mzima aliyeteleza kama mtoto. Kunegunda, mkata tiketi wa mlangoni, akanitania: "Dada, hata siku ya kuagwa huachi ukali?" Tukala keki, nikakabidhi funguo.

Mama yako

Bergen, 14 Januari 2018

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mwanamke yule ni mimi. Nilisimama hatua tatu mbele yako. Nikateleza, nikidhani utajua. Ukasema, "Bibi, hapa si uwanja wa barafu. Pita." Hukuinua macho. Nikapita.

Jagna

Wierzbno, 4 Mei 2018

Jagna mwanangu,

Sikuulizi hali, sina haki ya kuuliza kabla ya kujibu. Nimechelewa kwa sababu kila jibu nililoandika lilikuwa la kujitetea. Mlinzi wa chumba hatazami nyuso. Hutazama mikono isiguse na miguu isikwaruze. Na ndani ya sufu miguu yote hufanana. Hayo ni maelezo, si udhuru.

Kasri limefunguliwa tena. Kila Alhamisi nakata tiketi, navaa sapatu, nasimama karibu na dirisha nikitazama nyuso hadi kengele ya kufunga. Mlinzi mpya, binti mkali, ameshaniambia, "Bibi, unaziba njia. Huna kwenu?" Nilisogea kidogo.

Njoo Alhamisi yoyote. Teleza. Atakukemea yeye, mimi nitakuwa nimeshakuona tangu mlangoni.

Mama yako