Mabenchi Yaliyopeana Mgongo

Mama Neema wangu mpenzi,

Nakusalimia sana kutoka huku Mpofi, ambako nguo hazikauki na mimi bado mzima. Na wewe je? Neema anakula vizuri? Yule ng'ombe wa mabaka ameshazaa, au bado anatuzungusha? Maharagwe mmeshayatoa shambani? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu antena ya simu imekufa tena, na mtu wa pikipiki anayepeleka mawese Masisi ameniahidi kukufikishia karatasi hii mkononi.

Usinihofie kwa chakula. Nakula ndizi na sombe, majani yao ya mihogo, mpaka nimeanza kusahau maziwa. Jibini uliyonifungia niliwagawia wenyeji wangu. Waliipokea kwa heshima, wakainusa, wakanirudishia kwa heshima ileile. Basi nimeimaliza peke yangu.

Sasa nikuambie kazi iliyonileta. Unajua nilitumwa kuandaa semina ya watu wazima juu ya uzazi: dalili zipi zinasema mjamzito asingojee tena nyumbani, bali abebwe kwenye kipoyi, kile kitanda cha miti cha mabegani, mpaka kituo cha afya. Njia ni ndefu na matope yake hayana huruma. Nilipofika tu nilionyeshwa Riziki, mke wa kijana anayeitwa Bahati. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni. Alikuwa kwa mama yake, uchungu ukamshika asubuhi, na walikuja kumbeba jua linazama. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na siku zake zilikuwa karibu. Nilimwona anavyotembea ameshika tumbo kama anayeogopa litaibwa, nikajisemea kwamba semina hii isipomsaidia huyu, nimekuja kula ndizi tu.

Niliipanga kwa moyo wote. Nilizunguka kwanza nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanajua nini tayari. Nikaweka masaa ya baada ya shamba, nikakwepa siku ya soko, nikachora picha kwa sababu wengi hawasomi. Niliwaalika waume, ambao ndio wabebaji, pamoja na kina mama wazee, ambao ndio wakunga. Na kama tulivyofundishwa Goma, nilipanga mabenchi ya kanisa kwa mduara, ili watu wazima waonane uso kwa uso na kila mmoja ajisikie huru kusema.

Hakuna aliyesema kitu. Wanaume waliangalia viatu vyao. Kina mama wazee walijifunika vikwembe, vitenge vyao, mpaka machoni. Nilidhani ni haya ya mambo ya uzazi, nikafanya utani, nikawagawa katika vikundi vidogo, ikawa mbaya zaidi. Mama Feza, mama mzazi wa Riziki, aliomba ruhusa akaangalie mihogo yake, hakurudi. Kesho yake nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Nilikata tamaa kweli, na nilimwogopea yule msichana.

Nikatoka kuwatafuta. Mbele yangu Bahati aliacha njia nzuri, akaingia katikati ya mihogo iliyojaa maji ya mvua, akalowa mpaka kiunoni, halafu akatokea upande wa pili. Mama Feza, mama mkwe wake, alikuwa amekaa kando ya njia anamenya mihogo. Hapo nikashika kichwa. Mimi niliyeruka uzio wa ng'ombe na suruali ya misa, Pasaka iliyopita, ili nisikutane na mama yako mlangoni, ndiye nimewakalisha wakwe wa kijiji kizima macho kwa macho, halafu nikawaomba wazungumze juu ya uzazi. Sijui kwa nini nilidhani watu wakiingia semina wanaacha ukwe nje.

Basi nikageuza mabenchi, yakapeana mgongo. Wanaume waliangalia mlango mmoja, kina mama mlango mwingine, mimi nikasimama katikati kubeba maneno ya huku na huku. Nilipita tena kila nyumba kuwaeleza, wakarudi, hata Mama Feza. Nikauliza swali moja tu: nani anasema sasa abebwe? Mama Feza akaongea huku anaangalia nje.

"Mumuambie mukwe yangu, ile siku nilikuwa namungojea alete kipoyi. Miye siwezi kumuita."

Kila mtu alimsikia, lakini nilirudia maneno yake kwa upande wa wanaume, kama inavyotakiwa. Bahati akajibu akiuangalia mlango wa upande wake.

"Mumuambie mama, nilikuwa inje, nyuma ya nyumba, tangu asubui. Nilikuwa nangojea atume neno. Nilisema ni yeye anajua."

Nilipaswa kurudia na hayo, nikashindwa. Walingojeana siku nzima, ukuta mmoja tu kati yao, kila mmoja kwa heshima. Nililia mbele ya watu, Mama Neema, na sikuwa peke yangu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Kila familia ilichagua alama yake. Mama Feza akasema atatundika kikwembe chekundu kwenye uzio, na wanaume wakikiona walete kipoyi bila kuuliza mtu.

Juzi kilitundikwa. Wanaume waliacha mawese motoni. Bahati alibeba mbele, Mama Feza akafuata nyuma kabisa, Riziki kati yao, nami kando yake. Kituoni, Bahati alibaki uani. Mama Feza alipotoka hakukuta mtu wa kumtuma, sisi wengine tulikuwa ndani, chumba cha kungojea. Nilimwona kupitia dirisha. Alimgeuzia Bahati mgongo, akauambia msitu kwa sauti kubwa habari ya mama na mtoto:

"Mutoto ni mwanamuke. Bote babili beko bazima."

Nisalimie kaka yako mchungaji wa ng'ombe, na shangazi anayeuza maziwa barabarani, na umbusu Neema. Mama yako siwezi kumwandikia, unajua. Basi soma hapa kwa nguvu, yeye akiwa chumba cha pili: siku Neema anazaliwa, nilikuwa nje na niliogopa sana, na mikono yake ndiyo iliyonirudishia ninyi wawili. Sijawahi kumwambia asante.

Mume wako anayekupenda,
Papa Neema