Elektroni ya Kumi na Mbili

Jumapili, 2 Machi 1997

Maji yamekuja alfajiri. Mitungi sita hadi ghorofa ya nne. Kanisa. Kufua. Sasa kemia.

Mwalimu Kariuki amenipa atomu ya sodiamu kwa maonyesho ya sayansi ya Ijumaa. Niitengeneze, niieleze mbele ya majaji. Wenzangu wa kidato cha tatu wanatumia udongo na vifuniko vya soda. Mimi nikajigamba kwamba yangu itakuwa ya mti. Sikusema nani ataichonga.

Baba ni mchongaji. Anachonga swala na twiga katika kibanda cha wachongaji karibu na soko la Gikomba. Rafiki zangu wanajua ni karani. Mimi ndiye niliyewaambia, tangu kidato cha kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Baba atomu huku Mama akinisuka. Nimeeleza mbiombio. Katikati kiini. Ndani ya kiini protoni kumi na moja zenye chaji chanya, na nyutroni kumi na mbili zisizo na chaji yoyote. Nje elektroni kumi na moja zenye chaji hasi, ndogo sana, zinazunguka katika mizingo mitatu: mbili, nane, moja. Chanya kumi na moja, hasi kumi na moja, zinalingana.

Akauliza kati ya kiini na elektroni kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, ni patupu. Akagonga meza kwa kidole.

"Na hii meza imeshikana aje, kama ndani ni patupu?"

Sikujua. Badala ya kusema sijui, nikasema hayo ni mambo ya shule. 

Hakuandika chochote. Baba haandiki, aliachia darasa la tatu. Ningeweza kumchorea kwenye karatasi, ingechukua dakika tano. Sikumchorea. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo.

Alhamisi, 6 Machi

Ni nzuri kuliko nilivyostahili. Protoni za muhugu, nyekundu. Nyutroni za mjakaranda, nyeupe. Elektroni ni shanga ndogo kama maharagwe, kazipaka rangi nyeusi ya viatu, wanavyofanya kibandani ili mti wa bei rahisi uonekane mpingo. Mizingo ni ya waya, inaning'inia kwa nyuzi kukizunguka kiini.

Nilihesabu kiini tu, basi. Mzingo wa nje ulikuwa bado unamsumbua. Unalala upande mmoja, ule wenye shanga. Akasema ataumaliza kesho asubuhi na kuileta shuleni mwenyewe, maana mimi nitaivunja kwenye ngazi.

Nilitaka kumkataza. Najua atakuja na ovaroli lake lenye vumbi. Sikupata kisingizio.

Ijumaa, 7 Machi

Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba alifika saa tatu. Ovaroli, kama nilivyojua. Aliiweka kazi mezani, akaifunua, kisha akaenda kusimama mlangoni na kitambaa mkononi. Sikumsalimia. Watu wakajaa mezani kwangu. Ukumbi mzima haukuwa na kitu kizuri kama kile. Mzingo wa nje ulikuwa umesimama sawasawa na sikujiuliza kwa nini.

Jaji, mama mmoja wa miwani, alihesabu kwa ncha ya kalamu. Mbili. Nane. Mbili. Akarudia. Akasema sodiamu ina elektroni moja tu nje. Hii yangu ina hasi kumi na mbili kwa chanya kumi na moja, kwa hivyo si atomu ya sodiamu tena. Akauliza nani aliitengeneza.

Nilielewa papo hapo. Waya ulikuwa unalala, Baba akauongezea shanga upande wa pili. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi kule. Swala huchongwa wawili wawili, na kitu kinachoegemea upande mmoja hakitoki kibandani.

Nikasema, "Ni fundi tu wa mtaani."

Rafiki yangu Njeri akadakia, "Manze, huyo fundi hata kuhesabu hajui."

Wakacheka. Nami nikacheka. Niandike ukweli: nilicheka kuliko wote. Nilipoinua macho mlangoni hapakuwa na mtu. Kitambaa kilikuwa kwenye kiti, kimekunjwa vizuri.

Wamenipitisha kwa sababu nilieleza vizuri. Nirekebishe kosa, niipeleke Ijumaa ijayo kwenye maonyesho ya shule zote za Eastlands. Wananipongeza. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Mama aliuliza maonyesho yalikuwaje. Baba akajibu kabla yangu. "Waliipenda." Kisha akaomba chumvi.

Nikamsogezea.

Jumatatu, 10 Machi

Njeri kauliza kama yule fundi atarudisha pesa. Nikatabasamu. Bado natabasamu.

Jumatano, 12 Machi

Sikuweza kuchelewa zaidi. Nikamwambia Baba elektroni moja ya nje itolewe. Nilisema nikiangalia sakafu.

"Italala tena," akasema.

Nikamwambia sodiamu ndivyo ilivyo. Ile ya mwisho iko peke yake, mbali na kiini, haijashikwa sana, ndiyo maana sodiamu huipoteza upesi. Safari hii nilimchorea. Akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akachukua koleo, akatoa shanga moja, na akafupisha uzi wa upande wa ile iliyobaki. Mzingo ukasimama. Elektroni moja, na waya umenyooka.

Kumbe angeweza tangu mwanzo. Alidhani nimesahau kumtajia shanga ya pili. Nani angemwambia kwamba moja ni moja kweli, kama si mimi?

Nikamwomba aje Ijumaa. Akasema ana oda ya swala. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kuikunja ile karatasi. Ile shanga aliitia mfukoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekuwa wa tatu. Hilo si kitu.

Jaji wa leo aliuliza nani mchongaji. Nikasema ni baba yangu, hii ndiyo kazi yake. Nikasema pia kwamba shuleni kwetu ilikuwa na elektroni ya ziada kwa sababu mimi nilimweleza kwa dharau. Hakuniuliza hilo. Nilisema tu.

Njeri alikuwa nyuma yangu. "Si ulisema ni karani?"

"Nilidanganya. Na siku ile alikuwa pale mlangoni."

Hakucheka. Ukumbi mzima ulinisikia isipokuwa mtu mmoja aliyestahili kusikia. Hii aibu bado iko palepale.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kibandani. Mara yangu ya kwanza, na nina miaka kumi na saba.

Vumbi la mti hadi kwenye kope. Wazee kama ishirini wameketi chini, tezo mikononi. Mmoja akamwuliza Baba huyu msichana ni nani. Baba alinitazama, kisha akarudisha macho kwenye swala wake.

"Ni mteja."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Nikasema, "Shikamooni. Mimi ni binti yake."  Nikaendelea, mbele yao wote. Kwamba nilimkana shuleni. Kwamba nilicheka. Kwamba naomba anisamehe. Tezo zilinyamaza kidogo, kisha zikaanza tena moja moja.

 Baba alisogea kwenye gunia alilokalia ili nipate nafasi, akanipa msasa.

Nimepiga msasa swala wawili. Wa tatu nilimvunja sikio. Baba alimchukua, akamgeuza kwenye mwanga, akaanza kumchongea sikio jingine, fupi kidogo. Saa kumi tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu.

Bado hajasema amenisamehe. Jumamosi ijayo nitaenda tena.